Padre asiyeaga: kwa nini filamu ya 1944 bado inatuvuta



Mwaka 1945 filamu iitwayo Going My Way ilipewa Oscar saba, mojawapo ikiwa ya filamu bora ya mwaka uliotangulia. Ni hadithi ya mapadre wawili katika parokia yenye madeni jijini New York. Mwaka 2016 Oscar ya filamu bora ilikwenda kwa Spotlight. Nayo ina mapadre ndani yake, safari hii wa Boston, na waandishi wa gazeti waliofichua jinsi watoto walivyodhulumiwa na jinsi wakubwa wa Kanisa walivyolifunika jambo hilo. Kati ya tuzo hizo mbili ipo miaka 71. Ukiuliza leo padre ni mtu wa namna gani, sinema imeshatoa majibu mawili, na yote mawili yalipigiwa makofi ukumbi ukiwa umejaa.

Mimi ni frateri. Nimemaliza falsafa, nimefanya mwaka wa kichungaji, na Mungu akipenda ipo siku nitavaa stola. Kwa hiyo kwangu hili si suala la sinema tu. Nataka kujua kama ile filamu ya kwanza, ile laini, ina haki ya kuendelea kupendwa baada ya ile ya pili kuonekana. Au ni pipi tu tunayopewa ili tusilie?

Kwa ambao hawajaiona, ipo hivi. Paroko wa Mtakatifu Dominiko ni Padre Fitzgibbon, mzee wa Kiayalandi aliyelijenga kanisa lile na kulikalia miaka 45. Deni la rehani limefika shingoni, watoto wa mtaani wanaiba, na mzee anapenda mambo yaende kama yalivyokwenda tangu zamani. Anatumwa padre kijana, O'Malley, ambaye siku ya kwanza anajitambulisha kwa paroko akiwa na fulana ya michezo. Anapiga kinanda, anacheka na kila mtu. Mzee anadhani ameletewa paroko msaidizi. Ukweli ni kwamba askofu ameshamkabidhi kijana parokia nzima, ila mzee hajaambiwa.

Kijana anawakusanya wale wezi wadogo wa bata mzinga na kuwafanya kwaya. Anatunga nyimbo, na mmoja unapata mnunuzi. Kanisa linaungua. Halafu mwishoni, ni Noeli, mama mzazi wa Fitzgibbon, bibi wa zaidi ya miaka 90, analetwa kutoka Ireland. Hawajaonana miaka 45. Mama na mwana wakiwa wamekumbatiana na kwaya ikiimba, O'Malley anachukua begi lake na kutoka usiku kwenda anakotumwa tena. Haagi.

Hiyo ndiyo filamu yenyewe. Hakuna bastola, hakuna anayekimbizana na mtu. Ni nyeusi na nyeupe, na ina urefu wa zaidi ya saa mbili!

Wengi wanasema filamu kama hii inapendwa kwa sababu ya kumbukumbu, kwamba wazee wa Marekani wanaukumbuka utoto wao, Misa ya Kilatini na mitaa yao. Inawezekana kwa hao. Lakini nadharia hiyo haifiki Dodoma. Katika mwaka wangu wa kichungaji niliionyesha kwenye ukumbi wa parokia moja ya vijijini huku kwetu, kwa projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani na jenereta nje. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa natafsiri kwa sauti, kama wale wa kibanda umiza. Waliokaa mbele yangu ni vijana wa VIWAWA na wanafunzi wa TYCS, watu wa tamthilia za Kikorea na Kituruki. Hakuna hata mmoja mwenye kumbukumbu ya New York ya 1944. Nilijiandaa kwamba baada ya nusu saa nitabaki na katekista na watoto wake.

Hawakuondoka. Walicheka pale mzee anapomla bata mzinga bila kujua kwamba ameibwa. Na yule bibi wa Ireland alipoingia akitembea taratibu, ukumbi ulinyamaza hadi nikasikia jenereta peke yake. Hapo sikutafsiri kitu, maana hapakuwa na maneno ya kutafsiri.

Baadaye binti mmoja wa kidato cha sita akauliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Frateri, mbona hakuna adui?"

Ni kweli, hakuna. Yule mwenye kampuni inayodai deni ni mgumu kidogo, lakini naye moyo wake unalainika. Sisi tumezoea kuamini kwamba bila mbaya hakuna hadithi. Mtakatifu Augustino alifundisha kinyume chake kuhusu ulimwengu wenyewe: ubaya hausimami wenyewe, ni upungufu tu wa wema uliopaswa kuwepo. Wema hauhitaji ubaya ili uwe kitu. Darasani tulilikubali hilo haraka sana na kuandika mtihani. Ila kuliona likitendeka kwenye shuka jeupe ni jambo jingine. Ugomvi wote wa filamu ile ni kati ya watu wawili wema wanaokaa nyumba moja. Na yeyote aliyewahi kukaa nyumba ya mapadre, au bweni, au kwa mashemeji, anajua kwamba huo ndio ugomvi mgumu kuliko wote. Adui unamkimbia. Mtu mwema anayekukera asubuhi kwa namna anavyokoroga chai, utamkimbilia wapi?

Hapo ndipo upole unapoanza kuwa kazi. Wengi tunadhani mpole ni mtu aliyezaliwa hana hasira, baridi tu kama maji ya mtungi. Aristotle hakufikiri hivyo. Kwake upole ni kuwa katikati, na mtu asiyekasirika pale inapompasa kukasirika naye amepotoka, anaonekana mjinga. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anauweka upole chini ya fadhila ya kiasi, na kazi yake ni kuitawala hasira. Sasa huwezi kutawala kitu usichokuwa nacho. Ile heri ya wapole, inayowaahidia nchi, haikutamkwa kwa watu wasio na damu.

Tuichukulie basi kama kipimo. Je, O'Malley anapitia chochote, au ni Bing Crosby tu anaimba vizuri? (Crosby mwenyewe, kwa njia, si O'Malley. Mwanawe Gary aliandika kitabu mwaka 1983 akimweleza kama baba mkali wa viboko, na ndugu yake mmoja akalikana hilo hadharani. Na Barry Fitzgerald aliyeigiza paroko mzee alilelewa Mprotestanti kule Dublin. Sura ya padre mpole inayopendwa zaidi katika historia ya sinema iliigizwa na Mprotestanti. Mimi jambo hilo linanifurahisha.)

Nadhani anapitia. Ana mamlaka yote mkononi na kila siku anaamua kutoyatumia. Anasikia akiamriwa na mtu ambaye kikaratasi yuko chini yake, naye anaitika. Kazi yake ikizaa matunda, sifa zinakwenda kwa mzee. Na kazi ikiisha, anaondoka usiku.

Naamini hicho ndicho kilichowanyamazisha wale vijana, kuliko nyimbo. Sisi Watanzania tuna neno tulilojifunza kutoka Kizanaki, kung'atuka, na Mwalimu Nyerere alilipa uzito wake mwaka 1985 alipoachia urais. Tunajua jinsi lilivyo adimu. Kwenye vyama, kwenye kwaya, kwenye kamati ya harusi, hata kwenye jumuiya ndogo ndogo, mtu akishika daftari la fedha kulitoa ni vita. Kumwona mwenye nguvu akishuka bila kusukumwa kunamgusa mtu hata kama haelewi Kiingereza.

Na Kanisa la Dodoma lina hadithi yake ya Fitzgibbon, iliyo kubwa kuliko ya New York. Mwaka 1935 eneo hili lilifanywa Prefektura ya Kitume na kukabidhiwa Wapasionisti, ambao kwa sababu yao kanisa kuu letu linaitwa la Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Walijenga misioni, shule na zahanati kwenye nchi ya ukame, mbali na kwao. Likawa jimbo mwaka 1953, likiwa chini ya Askofu Pesce, Mpasionisti. Halafu mwaka 1972 kiti kikakaliwa na Mathias Isuja, Mwafrika wa kwanza. Waliojenga wakaanza kuwa wageni katika nyumba waliyoijenga wenyewe. Isuja naye aliongoza miaka 33, akang'atuka 2005, akaishi miaka 11 zaidi. Katika miaka hiyo aliwaona watu watatu wakikaa pale alipokaa yeye, Ruwa'ichi, Nyaisonga na Kinyaiya, na akaliona jimbo lake likiwa Jimbo Kuu mwaka 2014 chini ya mkono wa mwingine. Alifariki 2016. Hebu fikiria hesabu hiyo tu: miaka 11 ya kuwa mzee katika shamba ulilolilima, jembe likiwa mkononi mwa mwenzako.

Sasa nirudi kwenye jambo linalonisumbua, maana sikuanza kuandika ili niisifu filamu tu.

Filamu ile laini imesimama juu ya siri. Askofu anajua, kijana anajua, mzee hajui. Na Spotlight nayo imesimama juu ya siri: wakubwa wanajua, wazazi hawajui. Mtu mwenye ulimi mkali anaweza kusema ni tabia ileile, ila mwaka 1944 ilipakwa asali. Nimejaribu kulikwepa hilo nikashindwa, kwa hiyo bora tulitazame.

Tomaso wa Akwino anatofautisha kusema uongo na kuuzuia ukweli kwa busara. La kwanza halikubaliki hata kwa nia nzuri, la pili linaweza kukubalika. Kwa kipimo hicho kuna atakayemtetea O'Malley kwamba hakutamka neno la uongo, alikaa kimya tu. Mimi sijaridhika. Mtu anayeishi nawe nyumba moja anasema nawe kwa mwenendo wake mzima. Kila asubuhi kijana anapoitika kama msaidizi, mwenendo wake unasema "wewe ndiye unayeongoza hapa", na hilo si kweli. Na filamu yenyewe inajua kwamba si sawa. Mzee anakwenda kwa askofu kuomba kijana ahamishwe, na huko huko anagundua mambo yalivyo. Anaumia. Anafunga virago na kutoka kwenye mvua, hadi polisi wanamrudisha amelowa chapachapa. Analazwa kitandani, na hapo ndipo inatoka ile chupa ya wiski ambayo mama yake humtumia kila Noeli, na wawili wale wanakunywa kidogo wakiwa sawa kwa mara ya kwanza. Urafiki wao unaanza ukweli ukishatoka, hauanzi kabla.

Kwa hiyo siri ile haikuwa wema wa filamu. Wema wake ulikuwa kwamba aliyeficha ndiye aliyekuwa tayari kupoteza, kwa sababu alificha heshima yake mwenyewe ili ya mwenzake isivunjike. Kule Boston, walioficha walijiokoa wao, na waliolipa ni watoto. Siri zinafanana kwa nje kama mayai. Ukitaka kuzijua, uliza inamlinda nani, na nani atalia ikiendelea. Na hapa maneno ya Aristotle yanarudi na makali yake: mbele ya mtoto aliyeumizwa, padre asiyekasirika si mpole. Ameikosa hiyo fadhila kabisa. Mwaka 2019 Papa Fransisko, katika waraka wa Vos estis lux mundi, aliwafunga mapadre na watawa kutoa taarifa pale wanapojua au kuwa na sababu ya kuamini kwamba dhuluma imetendeka. Kwenye jambo hilo kunyamaza hakubaki kuwa suala la tabia ya mtu, eti huyu mpole, huyu mkimya.

Lakini hata katika siri ndogo, zile za akina O'Malley, naona kijana alipaswa kusema mapema. Nina sababu.

Pale nilipofanyia mwaka wa kichungaji, paroko alikuwa mzee. Sheria ya Kanisa inamwomba paroko akifika miaka 75 atoe barua ya kujiuzulu kwa askofu, na yeye alikuwa ameikaribia. Funguo zote alizibeba kiunoni, ya sakristia, ya stoo ya mavuno, hata ya jiko. Hesabu alizifanya kwenye daftari kwa penseli, na sadaka kwa simu hakutaka kuisikia. Vigango vya mbali vilikuwa vinakaa muda mrefu bila Misa kwa sababu alikuwa hamwazimi mtu gari. Jioni moja wazee wawili wa halmashauri walei walinifuata bandani kwa mbuzi. Wakaniambia kwa upole sana, "Frateri, wewe umesoma. Tuandikie barua kwa askofu. Mzee asijue, tusimuumize."

Asijue, tusimuumize! Nilisikia sauti ya Going My Way mle mle katika harufu ya mbuzi. Na wale wazee hawakuwa wabaya, walikuwa wanampenda. Nikawajibu, "Baba zangu, mimi nakula naye meza moja. Siwezi kuandika kabla sijamwambia." Hawakufurahi. Mmoja alisema vijana wa siku hizi hatuna adabu, na kwa mila za kwetu sikuona kwamba amekosea sana.

Nilimwambia usiku, mezani. Kulikuwa na ugali wa uwele na mlenda. Nilimwambia kwa woga, "Baba Paroko, watu wa vigango wanaumia, na wapo wanaotaka askofu ajue. Nimeona nisilijue hili peke yangu." Hakujibu. Alikula mpaka akamaliza. Halafu akalisogeza bakuli la mlenda upande wangu, akasema, "Kula, umekonda," akaenda kusali.

Barua mimi sikuiandika. Kama aliiandika mwenyewe, hakuniambia. Wiki iliyofuata funguo ya gari ilikuwa mezani, peke yake, imetolewa kwenye kile kifungu cha kiunoni. Nyingine zilibaki pale pale.

Ipo filamu nyingine ya zamani ambayo kwa ramani iko karibu zaidi na sisi, The Nun's Story ya 1959. Sehemu yake ilipigwa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, ambako Kiswahili unakisikia sokoni. Ni ya Sista Luka, Mbelgiji, muuguzi anayetamani kutumwa Kongo. Mkubwa wake anamwuliza kama angeweza kushindwa kwa makusudi mtihani wa magonjwa ya nchi za joto, ili aonyeshe unyenyekevu. Nimeshabishana na mafrateri wenzangu kuhusu hilo hadi taa zikazimwa. Wapo wanaosema utii ni utii. Mimi nasema yule mkubwa alikosea vibaya. Mtakatifu Teresa wa Avila alifundisha kwamba unyenyekevu ni kutembea katika ukweli, na kujifanya hujui unachokijua ni kutembea nje yake. Utii unaweza kunipeleka kigango cha mwisho kusikopita gari, na nitakwenda. Hauwezi kuniagiza niwe uongo. Sista Luka alifaulu mtihani, akapelekwa kwingine kwanza, Kongo akafika baadaye, na mwisho wa filamu anaondoka utawani. Mlango unafunguka, anatoka peke yake, bila muziki.

Wawili hao nawaona kila ninapofikiria kiapo changu: O'Malley anayetoka usiku bila kuaga huku kwaya ikiimba, na Luka anayetoka mchana kukiwa kimya. Wa kwanza anapendwa zaidi, na naelewa. Lakini sidhani kama upole wake ungenivuta hivi kama nisingejua kwamba upande wa pili wa mlango yupo Luka, na kwamba huko Boston wapo watu ambao hakuna padre aliyeondoka ili wao wabaki.

Baada ya Pasaka tutaonyesha Spotlight, ukumbi uleule, kwa waliotimiza miaka 18 tu. Baba Paroko mpya amekubali kukaa nasi mwanzo hadi mwisho, na mama mmoja wa WAWATA ambaye ni mwalimu atakuwepo kwa yeyote mwenye la kusema faragha. Nitatafsiri mimi. Safari hii kuna maneno mengi, na nimewaomba wenzangu wawili tupokezane.